Kwa fundi uliyeiokoa amplifaya yangu, Malindi

Kaka, jina lako sikulipata, ila nakushukuru mbele za watu.

Ijumaa usiku tulikuwa tupige roki ya kelele, ile ambayo gitaa huachwa lipige mayowe mbele ya spika, kwenye kiukumbi kidogo karibu na ufuo. Amplifaya niliyoletewa kutoka Marekani ni ya volti 120. Kwa papara nikaichomeka kwenye stima yetu ya 240. Pah! Kimya, na harufu ya kuungua.

Wewe ulikuwa mlangoni na kahawa yako. Ukafungua kifuniko, ukanusa (nilicheka, naungama), ukachomoa fyuzi na kuimulika kwa simu: kioo cheusi tii. "Kufa haijafa," ukasema. Ukapanda bodaboda, ukarudi na fyuzi ya kipimo kilekile na transfoma ya kushusha umeme, nzito kama jiwe la kusagia. Hata soda ulikataa.

Wenye vifaa vya ng'ambo, someni kibandiko cha nyuma kwanza!

Ulisikiliza nyimbo mbili, vidole masikioni, ukaaga. Transfoma yako ninayo, nimeifunika kwa leso. Pita uichukue.