Anayekosa shabaha azunguke, asiandikiwe sekunde

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wanaotuandalia mashindano ya baiskeli za milimani yenye kulenga shabaha, mchezo ambao baadhi yetu hapa Nairobi tumeanza kuujaribu. Rai yangu ni moja tu: mshindani akikosa shabaha, alipe papo hapo kwa kuzunguka njia fupi ya adhabu kabla ya kuendelea, wala asiandikiwe sekunde daftarini.

Mwezi uliopita nilishiriki shindano dogo la kirafiki katika shamba la kahawa upande wa Kiambu. Tuliondoka sote kwa pamoja, tukazunguka njia ya kilomita tatu mara nne, na kila tulipomaliza mzunguko, isipokuwa wa mwisho, tuliingia chini ya turubai kulenga shabaha tano kwa bunduki za leza, ambazo hazitoi risasi bali mwali wa mwanga tu. Waandaaji walikuwa wameondoa mzunguko wa adhabu kwa kuhofia msongamano. Badala yake mwamuzi mmoja aliketi kwenye kiti cha plastiki, akawa anamwandikia kila mtu sekunde 20 kwa kila shabaha aliyoikosa.

Nilivuka utepe nikiwa wa nne. Nilipongezwa, nikapewa maji, nikaanza kuukwangua mnyororo wangu uliojaa tope jekundu. Saa moja na nusu baadaye matokeo yalisomwa, na kumbe nilikuwa wa tisa. Sikatai kwamba nilikosa shabaha sita kati ya 15, na mbili kati ya hizo nilizikosa kwa pupa yangu mwenyewe. Lakini tulipoomba kuliona daftari, tulikuta ukurasa umeloa, na mbele ya jina la mwenzangu palikuwa na tarakimu ambayo nusu yetu tuliisoma moja na nusu nyingine tukaisoma saba. Mwamuzi alisema ni moja. Huenda ilikuwa moja.

Mchezo huu una asili yake, nayo ni biathloni ya theluji, iliyoingia katika Olimpiki ya Majira ya Baridi mwaka 1960. Huko washindani huteleza kwa skii, kisha hulenga shabaha tano kutoka umbali wa mita 50: wakilala kifudifudi shabaha ina kipenyo cha milimita 45, na wakisimama ni milimita 115. Katika mbio zao nyingi, kila shabaha inayokosewa humgharimu mshindani mzunguko mmoja wa mita 150 kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Nakiri kwamba waandaaji wetu wana pa kushikia, kwa kuwa zipo mbio ndefu za mtu mmoja mmoja ambazo kwa kawaida humwongezea aliyekosa dakika nzima. Hata hivyo, katika mbio hizo washindani huondoka kwa kupishana, kila mmoja akipambana na saa, na kwa hiyo hakuna anayetarajia kwamba atakayetangulia kufika ndiye mshindi. Mkituondoa sote kwa filimbi moja, mmeshatuahidi kwamba wa kwanza utepeni ndiye wa kwanza.

Ipo pia njia ya pentathloni ya kisasa, mchezo unaounganisha michezo mitano, ambayo ilitumia bastola za leza kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Katika kitengo chake cha kukimbia na kulenga, mshindani haondoki mpaka aangushe shabaha zote tano au sekunde 50 zimalizike. Hiyo nayo ningeipokea bila kinyongo, kwa sababu adhabu inalipwa mbele ya macho ya watu.

Anayejua kwamba kukosa kutamzungusha hujifunza kupunguza mwendo mita 200 kabla ya turubai, akashusha gia na kuanza kuvuta pumzi ndefu. Mimi sikufanya hivyo. Nilifika nikihema, na mtutu ukawa unapanda na kushuka pamoja na mapigo ya moyo, hali ambayo hapa kwetu, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, haitulii upesi. Sekunde za daftarini hazikunifunza lolote siku ile, kwani nilizisikia nikiwa nimeshavua viatu.

Kuhusu msongamano, mita 150 kwa baiskeli kwenye nyasi ni kama nusu dakika, na kona zikiwa pana na wote wakielekea upande mmoja, sioni hatari. Hatari ningeiona kama tungekubali pendekezo la wenzetu waliotaka tubebe bunduki mgongoni kama wanavyofanya wa theluji. Mteremkoni kwenye mizizi na mawe watu huanguka, na nilianguka mara mbili, kwa hiyo bunduki, hata ya leza, ibaki mezani. Tena za risasi tusizifikirie kabisa kwa mashindano ya wikendi, maana sheria ya silaha inamtaka kila mmiliki awe na leseni, na nani atazilinda tukiwa vichakani?

Nafasi ya mzunguko wa adhabu ilikuwepo siku ile: uwanja wa kuanikia kahawa, ambao uliachiwa magari ya wageni. Nimeshalipa ada ya shindano lijalo, na vigingi na kamba nitakuja navyo mwenyewe. Ninachoomba ni magari yaegeshwe kwingine.

Mwendesha baiskeli,
Kasarani, Nairobi