Noli Me Tangere inachekesha, tatizo ni mtihani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba kaianza Noli Me Tangere, riwaya ya José Rizal wa Ufilipino, akaishia kati, eti majina kibao, mapadri kibao, hotuba hazina mwisho, na Maria Clara, mchumba wa mhusika mkuu Ibarra, kazi yake kulia na kuzimia tu. Mi naishi Muscat, huku Ruwi, kazini nimezungukwa na Wafilipino, na malalamiko hayo hayo nayasikia kwao kila nikigusia hicho kitabu. Kaka mmoja ninayeingia naye zamu ya usiku aliniambia mtihani alifaulu vizuri tu na kitabu hajakifungua, alisoma mwongozo. Yaani kama sisi tu na vitabu vyetu vya fasihi sekondari.

Sasa wale hawana hiari. Ipo sheria namba 1425 ya mwaka 1956 inayotaka shule na vyuo vyote kule vifundishe maisha na maandishi ya Rizal, ndo maana Noli wanakutana nayo darasa la tisa na ile iliyofuata, El Filibusterismo, darasa la kumi. Na haikupita kirahisi, seneta Claro Recto alikuwa upande mmoja akiitetea na maaskofu wa Kikatoliki upande wa pili wakisema hivi vitabu vinaichafua dini, mpaka ikabidi kiingizwe kipengele kwamba mwanafunzi ambaye imani yake inamkataza anaweza kula kiapo cha maandishi asamehewe kuvisoma. Kitabu kimetoka Berlin 1887, karibu miaka 70 baadaye wakubwa bado wanaogopa watoto watakisoma, na watoto wenyewe wakikisoma wanasinzia!

Mi naona kinachowachosha ni kwamba wanakutana na Rizal akiwa tayari sanamu. Wahispania, waliokuwa wakiitawala Ufilipino, walimpiga risasi Manila tarehe 30 Desemba 1896 akiwa na miaka 35, leo sura yake iko kwenye sarafu ya peso moja, na mwalimu anaingia darasani kama anaingia msibani, sasa nani hapo atathubutu kucheka? Wakati aliyeandika ni kijana wa miaka 25, daktari wa macho, mapene hana, rafiki yake Maximo Viola ndo aliyemkopesha peso 300 zikachapwa nakala 2,000, na ana mdomo mchafu huyo, anasema watu balaa.

Chukua ule mlo wa usiku mwanzoni kabisa, nyumbani kwa Kapitan Tiago, tajiri anayejulikana kama baba yake Maria Clara. Mapadri wawili wanagombea kiti cha mbele kwa maneno ya adabu tupu, karibu wewe, hapana karibu wewe, na kila mmoja anakitaka kufa na kupona. Inakuja tinola, ni mchuzi wa kuku na mumunye, sahani zinapita, mmoja wa wale mapadri, Padre Damaso, anajikuta na mumunye nyingi, mchuzi mwingi, shingo tupu na bawa gumu, akiinua macho anaona wenzake wanakula mapaja na vidari na kijana Ibarra aliyerudi juzi tu kutoka Ulaya kajaziwa firigisi na maini. Padri anazipondaponda zile mumunye kwa hasira, anaonja mchuzi kidogo, anaangusha kijiko kwa kishindo, anaisukuma sahani. Hakuna mtu kasema kitu! Ila wewe msomaji umeshajua nani mwenye mji, nani ana kinyongo na nani, na kwamba huyu kijana amekwisha. Sasa niambie hapo kinachochosha ni nini.

Na wasomaji wa kwanza hawakusinzia hata kidogo. Kamati ya Chuo Kikuu cha Santo Tomas ilisema kitabu ni cha uzushi na cha kashfa, serikali ikakipiga marufuku. Padri mmoja Mhispania, José Rodríguez, akatoa vijitabu vya kuwaambia waumini kwamba kukisoma ni dhambi ya mauti, vikawa vinauzwa watu wakitoka misa. Akajibiwa na padri mwenzake, Mfilipino, Vicente García, aliyejificha nyuma ya jina la bandia, akamwambia basi na wewe uko kwenye dhambi ya mauti, maana bila kukisoma ungejuaje kilichomo? Hilo jibu mi nalipenda kuliko insha zote za wahakiki.

Kuhusu Maria Clara hapo naelewa hasira za watu, na sio za mwandishi wa barua ile peke yake. Mwandishi Carmen Guerrero Nakpil alishasema zamani kwamba huyo binti ndo msiba mkubwa uliowapata wanawake wa Kifilipino kwa miaka mia, kwa sababu wanawake wa watu waliambiwa wawe kama yeye, wapole, wanyamavu. Lakini ukifika mwisho (samahani kwa ambaye hajafika) unaona kumbe alitoa barua aliyoandikiwa na Ibarra, ikatumiwa kumtia Ibarra hatiani, kwa sababu padri mwingine, Salví, alikuwa ameshika barua za marehemu mama yake zinazoonyesha baba yake halisi ni nani, na baba mwenyewe ni Damaso. Binti kabanwa na siri isiyo yake. Na walipotaka kumwoza mwanamume mwingine akamwambia Damaso usoni, ama utawa ama kifo. Huyo sio mjinga, huyo kazibiwa milango yote, na waliomgeuza kuwa mfano wa adabu ndo wa kulaumiwa.

Nimeona pia mambo yalivyobadilika ilipotoka tamthilia ya 2022 ya GMA, kituo cha televisheni cha Ufilipino, Maria Clara at Ibarra, ambapo mwanafunzi wa unesi anayelichukia somo la Rizal anajikuta yumo ndani ya kitabu na anawajibu akina Damaso jeuri kama msichana wa leo. Wenzangu hapa walikuwa wanaiangalia kwenye simu wakati wa chai, wanabishana, wanamtukana Damaso kabisa, mpaka yule kaka wa mwongozo.

Hotuba ndefu zipo, sikatai. Ibarra na rafiki yake Elías wakianza kubishana habari za mageuzi ndani ya mtumbwi unaweza ukapika wali ukaiva. Ziruke, utazirudia ukiwajua watu wenyewe. Namshauri mwenzangu aende moja kwa moja kwenye sura ya Sisa, mama aliyewaandalia wanawe wawili samaki wakavu, nyanya, nyama ya nguruwe mwitu na paja la bata, anatokea mume, mtu wa kamari, anakula karibu kila kitu anaondoka zake, na watoto wenyewe wako kanisani wanazuiwa, mdogo kasingiziwa wizi. Akishamaliza hiyo atuandikie tena hapa, na wewe Mhariri tafadhali umpe nafasi.

Msomaji wako,
Ruwi, Muscat