Hela ya sindano za Mzee situmi

Mdogo wangu,

Vois yako nimeisikiliza mara tatu kwenye basi nikirudi kazini, na mara zote tatu nimeumia. Laki sita za sindano za kumrudishia Mzee misuli ya paja? Alafu nakuta ushakaa na Shangazi mmeshakubaliana, mi naletewa bili tu. Hata ile operesheni yenyewe ya kumuwekea goti la bandia ilikuwa hivihivi, nikaambiwa Mzee kashalazwa, na hilo bado halijanitoka.

Haya nisikilize. Hiyo sindano ya Deka anayokwambia kocha wako wa jim ni nandroloni, homoni ya kujenga misuli, ndugu yake testosteroni, ile homoni ya kiume, nayo inaitwa steroidi lakini sio zile steroidi za pumu alizokuwa anapewa Mama. Sisemi haina nguvu, kuna madaktari walishaijaribu kwa wazee wachache waliowekewa goti, lakini walikuwa wanawafuatilia kwa vipimo, na mpaka leo haijawa tiba ya kawaida ya goti. Huku Marekani tangu sheria ya 1990 ukikutwa nazo bila cheti cha daktari ni kesi. Na Mzee ana presha, ana tezi dume, bado anameza vidonge vya kuzuia damu kugandia mguuni, alafu mumchome kitu kinachopandisha presha na kuifanya damu iwe nzito? Kocha ana magoti yake ya kuzaliwa, hayo mambo ya mzee wa miaka 71 kayajulia wapi?

Mi hii kazi naijua. Tangu mwezi wa tatu nasimamia wodi nzima, wagonjwa 18, na wenye magoti mapya hawakosekani, wazungu wenyewe wananiita mimi kwanza. Jana nimekaa na bibi wa miaka 80, wiki ya pili tangu apasuliwe, anakivuta kisigino kwenye shuka kukileta kwenye kalio, soksi inakwaruza, jasho limemjaa juu ya mdomo, mi namhesabia, tulipofika digrii 90 akanikamata mkono akalia na mimi nikalia, maana nilikuwa namuona Mzee pale. Hajachomwa sindano yoyote ya misuli huyo bibi.

Paja kunywea baada ya ile operesheni ni kawaida, mwezi wa kwanza nguvu inaweza kushuka zaidi ya nusu, kwasababu uvimbe na maumivu vinaufanya msuli ugome. Akaze paja akihesabu mpaka tano, mara kumi, asubuhi mchana na jioni. Barafu mfunge na kitambaa. Mayai, dagaa, kunde visikosekane. Na ule mto niliouona kwenye picha chini ya goti utoeni leo hii, goti litazoea kukaa limepinda lishindwe kunyooka, kunja taulo uweke chini ya kisigino.

Natuma laki mbili na nusu, ni ya fizio, yale mazoezi ya goti, mara mbili kwa wiki na bajaji ya kwenda na kurudi, risiti nitumie. Ile baiskeli yake msiiuze jamani, nikifumba macho huku kwenye theluji namuona anashuka nayo Chumbageni asubuhi na kanzu kaikunjia kiunoni.

Shangazi mpe shikamoo yangu, nitaongea nae mwenyewe. Kesho baada ya alasiri nipigie video, simu iweke chini usawa wa goti nione linanyooka kiasi gani.

Dada yako