Mhariri, mrudieni yule dada baada ya miaka miwili

Habari za kazi mhariri, poleni na majukumu. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nalisomea pale pale kwenye fremu yangu ya vitenge Kariakoo wateja wakipungua, na kama sijawahi kuwaandikia ni kwasababu sikuwa na la kusema, ila wiki iliyopita mmenigusa penyewe. Mlitoa habari ya dada aliyepungua kilo 20 kwa mwezi mmoja, picha mbili, ya kabla na ya baada, kwenye ile ya baada kavaa jinzi lake la zamani anaivuta kiunoni kuonyesha nafasi iliyobaki, alafu chini yake, mtanisamehe, tangazo la chai ya kupunguza mwili na namba ya simu. Nikabaki najiuliza hii ni habari au tangazo limevalishwa baibui.

Sina ugomvi na dada wa watu, nampongeza. Ila na mimi nimepungua kilo 44. Nilikuwa na 127, leo nina 83. Nilianza Februari 2022 na barua hii naiandika Juni 2025, kwahiyo ni miaka mitatu na miezi minne, ukipiga hesabu inakuja kilo moja na kidogo kwa mwezi, yani mwezi mzima unahangaika kwa kilo moja ambayo jirani hata haioni. Najua hiyo haiuzi gazeti. Lakini wenye miili kama niliyokuwa nayo mimi wanasoma habari zenu na wanazifanyia kazi, na mi nimeshakuwa mmoja wao, ndo maana naandika.

Chai hizo nimezinywa. Ilikuwa kabla ya corona, nikanunua pakiti mbili kwa hela ya kikoba, na ndani ya siku kumi na mbili nikapungua kilo sita, nikawa natembea kwa madaha sokoni. Kilichokuwa kinaendelea nyumbani ni choo, mhariri, usiku kucha choo, hadi mume wangu akawa ananiuliza kwa wasiwasi nimekula wapi. Baadae dada wa duka la dawa akaisoma ile pakiti akaniambia mama haya ni majani ya sena, ni dawa ya kufungua choo kwa waliofunga choo, hapo hujapunguza mafuta, umetoa maji na chakula cha jana. Nilivyoacha, mwezi haujaisha zile sita zimerudi na zimekuja na mgeni wa kilo tatu. Na mi nilikuwa na bahati ilikuwa sena tu, kwasababu dawa nyingi za kukondesha duniani zimeshakamatwa zimechanganywa kimyakimya na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwasababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Mnapotoa matangazo hayo, mnawauliza wahusika kama bidhaa zao zimesajiliwa TMDA, wale wa mamlaka ya dawa na vifaa tiba? Nauliza tu.

Sasa uzito wenyewe sikuujua kwa muda mrefu, na wa kulaumiwa ni dera. Dera halina maneno, unaongezeka kilo ishirini linakupokea tu na upepo unapita. Suruali ingeniambia. Nilikuja kujua pale mtaa wa Msimbazi, wale vijana wa pima uzito, nikapanda mzani wake mdogo ule wa mshale, mshale ukazunguka ukapita 120 ambapo namba zinaishia, ukaenda kugonga mwanzo. Kijana akaniangalia, akauangalia mzani, akasema kwa adabu zote, "Mama shuka taratibu, hapo ndo mtaji wangu wote." Watu wakacheka na mi nikacheka, nikampa mia tano nikamwambia baki na chenji, nikaenda kukaa kwenye fremu yangu nikalia nyuma ya majora.

Wiki ile ile nikaenda kliniki, mzani wa pale ndo ukasema 127, urefu wangu ni mita 1.60, presha ilikuwa 160 kwa 100. Muuguzi aliyenipokea alikuwa mtu mzima, mama wa makamo, nikajiandaa kusemwa. Hakunisema. Kila mtu siku zote huniuliza unakula nini, yeye aliuliza, "Mwanangu, unakunywa nini?" Nikamwambia soda tatu kwa siku, joto la Kariakoo unalijua, na chai mara tatu sukari vijiko vinne. Akachukua karatasi. Chupa moja ya soda ile ya kawaida ina sukari karibu gramu 37, sawa na vijiko tisa vya chai, kwahiyo kwa soda peke yake nilikuwa nakunywa vijiko ishirini na saba kila siku, na vya chai kumi na viwili, jumla thelathini na tisa. Shirika la Afya Duniani linasema ikiwezekana mtu mzima asizidi kama vijiko sita kwa siku. Akanambia usiache kula chochote, nenda kaache soda tu, mwezi mmoja, urudi. Hiyo tu. Nikaona huyu mama ananichezea, nimekuja na kilo 127 ananiambia habari za soda.

Mwezi ule nikapungua kilo mbili bila kugusa ugali.

Hivo ndo tulivyoenda, kitu kimoja kwa wakati wake, hadi nikizoee ndo tunaongeza kingine. Baada ya soda ikawa sukari ya chai, kutoka vinne hadi vitatu, hadi viwili, hadi kimoja, hii ilinichukua karibu miezi mitano na leo chai ya vijiko vinne ukinipa naitema. Alafu mafuta. Nilikuwa namimina kutoka kwenye dumu kwa macho, mchicha unaelea, siku moja nikapima kwa kijiko cha chakula nilichokuwa namimina nikakuta ni vijiko saba kwa mboga ya watu wanne, na kijiko kimoja ni kama kalori 120. Sasa hivi ni viwili na hakuna aliyelalamika, wala hawakujua. Ugali sijauacha na sitauacha, ila sahani nimeigeuza, zamani ugali ulikuwa mlima na mboga ilikuwa bustani pembeni, sasa nusu ya sahani ni matembele au mlenda au kabichi, dagaa au maharage robo, ugali robo iliyobaki. Na kutembea, sikwenda jimu mimi, ningepita wapi na dera langu, nilichofanya ni kushuka daladala Zakhem badala ya Rangi Tatu, kituo kimoja tu, mwanzoni nilikuwa nasimama njiani mara tatu najifanya naangalia simu. Mwaka wa pili nikawa nashukia Kizuiani, mbali zaidi. Magoti ndo yalishukuru kuliko mtu yeyote, nimeambiwa kila kilo unayopunguza ni kama kilo nne zimeondoka kwenye goti kwa kila hatua, na hilo naliamini kwasababu ngazi za fremu yetu nilikuwa nazipanda kwa kushika ukuta.

Msidhani ilikuwa inashuka tu. Ramadhani ya kwanza nilijua ndo nimefika, mwezi mzima nafunga, si nitatoka mwembamba? Nilitoka nimeongezeka kilo tatu. Mihogo ya nazi, magimbi, tambi za sukari, kaimati, uji wa pilipili manga wenye sukari ya kutosha, unafungua saa kumi na mbili na nusu jioni unakula mpaka usingizi, alafu daku tena. Yule muuguzi alicheka sana. Akasema hata mie.

Alafu kuna kule kugota. Mwishoni mwa mwaka wa pili nilifika 104 mzani ukalala. Mwezi wa kwanza nikavumilia, wa pili nikakasirika, nilikaa 104 miezi mitano, mhariri, miezi mitano nafanya yale yale na hakuna kinachoshuka, hapo ndo watu wengi wanarudi kwenye chai na mi nilishaulizia bei. Kumbe mambo yalikuwa mawili, la kwanza mwili wa kilo 104 hauhitaji chakula cha mwili wa kilo 127, kile kilichokuwa kidogo kwangu sasa kilikuwa cha kutosha. La pili ni karanga. Kijana wa karanga anapita kila saa pale dukani, unachukua ya mia mbili, unatafuna huku unapima kitambaa, hata huhesabu kama umekula, na gramu mia moja ya karanga ina kalori zaidi ya 550. Nikamuomba kijana wa watu asinipitie tena kabla ya saa tisa. Akadhani namdai.

Na maneno ya watu je? Mwanaume akipungua kitambi ataulizwa mambo vipi mzee biashara imeyumba? Mwanamke ndo balaa. Mawifi walikuja nyumbani kikao kizima kumuuliza kaka yao kama ananilisha. Pale sokoni nikasikia nimeshaupata, wengine wakasema sukari, mmoja aliyejiita rafiki akanishauri nikapime "tu, kwa usalama". Shangazi yangu kutoka Kilwa aliponiona alinishika mkono wa juu pale ngozi inaponing'inia, akaupima kama anapima kitambaa, machozi yakamlenga, akaniuliza, "Mwanangu, nani kakufanyia hivi?" Kukonda kwetu ni habari ya msiba, na hilo wataalamu wa lishe wanaokuja kwenye redio hawalisemi kabisa, wanatuambia punguza wanga tu. Kuna siku nilitamani nirudi kuwa bonge ili nipumzike na maswali. Ngozi kweli imelegea, tumbo na mikono, haitajirudi yenyewe, hiyo nayo hamkuiandika.

Mwanangu wa pili anasoma utabibu, nilipomwambia nataka kuwaandikia akanisomea mambo kwenye simu yake. Kuna shindano la televisheni kule Marekani la kupungua haraka, mtafiti anaitwa Kevin Hall na wenzake wakawafuatilia washiriki 14 miaka sita baadae, wakatoa majibu 2016, kumi na tatu kati yao uzito ulikuwa umerudi, wengine hadi kupita pale walipoanzia, na miili yao ilikuwa inachoma karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko inavyotarajiwa kwa watu wa uzito wao. Nikasema ona, haraka haraka haina baraka! Mtoto akanambia mama subiri usidanganye watu, akanisomea nyingine ya Australia ya 2014, walipungua kundi moja kwa wiki 12 na lingine kwa wiki 36, walivyowafuatilia kwa miaka mitatu makundi yote mawili yalikuwa yamerudisha asilimia kama 71 ya walichopunguza. Nikanyamaza. Kwahiyo polepole peke yake siyo dawa na sitaki niwauzie hiyo kama wale wanavyouza chai. Ninachoweza kusema ni kwamba wale wa wiki 36 walikuwa kwenye dayati yenye tarehe ya kuisha, mimi yangu haina tarehe, mafuta vijiko viwili ndo mboga yetu ilivyo sasa, watoto wangu wadogo hawajui nyingine. Huko huko Marekani wana daftari la kuandikisha watu waliopungua wasirudi, lilianza 1994, wameshapita elfu kumi, na wengi wao wanafanya mambo ya kuchosha tu, wanakula asubuhi, wanapanda mzani kila wiki, wanatembea kama saa moja kwa siku. Kizuiani hadi nyumbani na kurudi, kwa mwendo wangu, ndo hiyo hiyo.

Na hata kwa 83 hii bado kipimo cha urefu na uzito kinaniweka 32, na kuanzia 30 unahesabiwa una unene uliopitiliza, kwahiyo mkinipiga picha leo nikaiweka gazetini watu watasema huyu si bonge huyu? Ndiyo. Bonge mwenye presha 124 kwa 80 anayepanda ngazi bila kushika ukuta. Mwezi uliopita nilimpelekea fundi gauni la kitenge, la kubana, la kwanza tangu nijifungue kifungua mimba, akachomeka pini kiunoni akaniuliza, "Mama nibane hapa au niache nafasi, usije ukarudi?" Nikamwambia acha inchi moja.

Ombi langu basi ni dogo. Yule dada wa kilo 20 namba yake mnayo. Wekeni kwenye kalenda ya ofisi, Juni 2027, mumpigie. Mumuulize ana kilo ngapi, anakula nini, alipata mawe kwenye kifuko cha nyongo au hakupata, maana wanaopungua kwa kasi ile huwapata mara nyingi, na lile jinzi bado linamuenea au kampa mdogo wake. Akiwa bado yuko vile vile, muiweke ukurasa wa mbele na mi ntanunua nakala kumi nigawe sokoni. Akiwa amerudi, mumuweke pia, kwa heshima, bila picha za kumcheka. Na kama mtakosa wa kuweka pembeni yake mje Kariakoo mniulizie kwa jina lile lile la zamani, wateja bado wanalitumia hata niwakataze vipi.

Mama Bonge,
Mbagala, Dar es Salaam