Weka kibanio chini, mwanangu

Entebbe, Januari

Mwanangu mpendwa,

Hapa nyumbani hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Picha za chatu wako nimezitazama tangu jana usiku. Nimeliona gamba lililomnata mgongoni vipande vipande, na ile pete nyembamba iliyobaki kwenye ncha ya mkia. Umeniambia una kibanio mkononi na unataka kumbandua. Kiweke chini kwanza, unisome. Nimeona afadhali nikuandikie kuliko kukupigia simu, ili siku akijivua tena uwe nayo barua.

Mnyama wako haumwi. Hewa ndiyo iliyomkausha. Alipokuwa hapa kwetu karibu na ziwa, alijivua gamba zima kama mtu anayevua soksi, nasi hatukumsaidia kwa lolote. Sasa yuko Arua, na ninyi mko katikati ya kiangazi. Ili gamba la zamani liachane na lile jipya, mwili wa nyoka humwaga majimaji katikati ya ngozi hizo mbili. Hewa ikiwa kavu, au nyoka mwenyewe akiwa na kiu, majimaji hayo hayatoshi, na gamba hugandia mwilini.

Utaniuliza, mbona chatu wa aina yake, hawa wadogo wanaojikunja kama mpira, wapo porini huko huko magharibi mwa Nile, na hakuna anayewaogesha? Ni kweli, asili yao ni kuanzia Senegal mpaka kwenu. Lakini jua likichoma, wao hawakai juani. Hujificha kwenye mashimo ya panya na ndani ya vichuguu, na humo chini hewa ina unyevu hata nje kukiwa kumekauka kabisa. Wewe umempa kasha na taa ya joto, ila kichuguu hukumpa. Hilo ndilo lililokosekana, na ni rahisi kulitengeneza. Tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko, likate tundu ubavuni la kumtosha kupita, lainisha kingo zisimkwaruze. Ndani tandika kitambaa cha pamba ulichokilowesha na kukikamua vizuri. Liweke upande wenye joto. Kibadilishe kitambaa mara kwa mara kisioze, kwa sababu uchafu uliolowa humletea vidonda kwenye ngozi ya tumboni.

Kwa leo, fanya hivi. Weka maji ya uvuguvugu kwenye beseni, yasizidi nusu ya unene wa mwili wake, yapime kwa kiwiko: usisikie moto wala baridi. Mwache humo dakika ishirini hivi, na usiondoke hata kidogo, chatu mchanga huzama. Kisha mfunge kwa ulegevu ndani ya taulo lililolowa, umwache atambae mwenyewe apenye kutoka mkunjo hadi mkunjo. Taulo ndilo litakalombandua, sio vidole vyako. Kipande kikigoma, kiache, urudie kesho. Mafuta usimpake, hata yale ya shea mnayoyasifu huko.

Ile pete ya mkiani ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote. Gamba likibaki pale hukauka, hukaza, huzuia damu, na ncha ya mkia hufa ikawa nyeusi. Ilowekee pamba yenye maji ya uvuguvugu, kisha isukume taratibu kuelekea nchani. Siku chache zikipita bado ipo, mpeleke kwa daktari wa wanyama. Kule Makerere wapo wanaofundisha kazi hiyo, na mimi nitakuja kumpokea kituoni ukishindwa kusafiri naye.

Macho usiyaguse. Hili sijawahi kukusimulia. Nilipokuwa bado kijana kazini, nilikuwa nikitunza nyoka mdogo wa nyumba, yule wa kahawia. Nyoka hana kope, jicho lake limefunikwa na gamba moja angavu kama kioo cha saa, nalo hutoka pamoja na ngozi. Nilidhani la zamani limebaki. Nikachukua kibanio, nikavuta. Kumbe lilikuwa lile jipya. Jicho lilipasuka, likaoza, na yule mnyama akaishi na jicho moja mikononi mwangu, kila siku nikimlisha nikimtazama. Ndiyo maana nilipoona kibanio kwenye picha yako mikono ilinitetemeka. Gamba la jicho likibaki, ongeza unyevu na usubiri ajivue tena. Kama liko pale hata baada ya hapo, ni kazi ya daktari.

Mara ijayo utaziona dalili mapema. Rangi itafifia, tumbo litakuwa la waridi, kisha macho yatapata ukungu wa buluu kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Wakati huo haoni vizuri na huogopa upesi, kwa hiyo usimshike, na chakula kisubiri. Macho yatarudi kuwa maangavu, nawe utadhani yamekwisha. Hayajaisha. Siku chache baadaye ndipo atasugua pua kwenye kitu kikavu na kuanza mdomoni. Mwekee jiwe au gome la mti. Kwa umri wake hili litajirudia kila mwezi au mwezi na nusu, maana bado anakua. Chungulia pia bakuli lake la maji na kando ya macho: ukiona vitu vyeusi vidogo vinavyotembea, ni utitiri, nao pia huharibu ngozi.

Nimefurahi kuona kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori umekibandika ukutani. Majirani wakiuliza, waonyeshe.

Akishajivua, litandaze gamba lote kwenye gazeti na unipigie picha. Nitahesabu macho mawili na ncha ya mkia.

Baba yako