Salamu za shukrani kutoka kwa familia ya fundi baiskeli, Ipinda, Kyela

Sisi watoto, wakwe na wajukuu wa mzee fundi baiskeli wa Ipinda tunasema ndaga fijo, yaani asante sana, kwenu nyote mlioitikia tangazo letu la kuomba msaada baada ya mafuriko ya Aprili.

Usiku ule hapa kwetu mvua haikuwa kubwa. Upepo ndio uliotusumbua. Uling'oa bati za jikoni mapema jioni, tukadhani yameishia hapo. Lakini mwenyeji wa Kyela anajua mvua ya kuogopa ni ile inayopiga huko juu Rungwe, maana mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote inateremkia kwetu kabla ya kuingia Ziwa Nyasa. Saa nane usiku bibi alishusha miguu kitandani akakanyaga maji. Saa kumi yalikuwa yamefika kiunoni, na babu hatembei bila mkongojo.

Shukrani ya kwanza ni ya kijana jirani aliyekuja na mtumbwi wa kuvulia wa baba yake, akiusukuma kwa upondo katikati ya migomba. Bibi aligoma kupanda mpaka kuku wake watolewe darini. Kijana akarudi ndani, akawatoa mmoja mmoja, gizani. Ameomba tusimtaje jina.

Wazee wa kanisa walitufungulia ukumbi tukalala siku 13. Akina mama wa kwaya walipika uji kila asubuhi, na waumini wa msikiti wa jirani walituletea mablanketi kabla hata hatujaomba. Wahudumu wa zahanati walitugawia dawa ya kutibu maji, kwa kuwa visima na vyoo vilikuwa vimeshachanganyika; nyumbani kwetu hakuna aliyeharisha. Ndugu wa Tukuyu, ndizi na viazi vyenu tulivila mpaka vikaisha. Wajomba wa Mwanjelwa, nguo zilifika, ingawa babu bado anauliza nani alimtumia koti la kike.

Sasa hesabu, kwa sababu fedha ni zenu. Mlichanga shilingi 2,860,000. Bati 30 zilichukua 900,000, simenti mifuko 40 ikachukua 760,000, mbao na misumari 420,000, fundi na vibarua 600,000. Zilizobaki 180,000 tumenunua magodoro. Tofali za kuchoma hazimo humo: jirani alitupa tanuri lake zima, akasema tutamlipa tutakapovuna. Zile kuta za tofali mbichi zote zililala chini.

Wapo waliotuuliza, kwa nia njema, kwa nini tusihamie mlimani. Makaburi ya wazee wetu yako nyuma ya nyumba, na tope hilohilo linaloletwa na mito ndilo linalotupa mpunga. Tumepandisha msingi kozi sita za tofali juu ya alama iliyoachwa na maji. Babu alitaka nane, simenti ikagoma.

Kama tumemsahau yeyote, atusamehe. Daftari la michango lililowa kurasa mbili.

Ibada ya shukrani itafanyika nyumbani Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi. Wali utakuwepo, ingawa mwaka huu ni wa kununua. Mwenye mtumbwi awahi: bibi amemwekea jogoo, mmoja wa wale wa darini.