Shukrani kwa mzee wa Abingdon

Mzee wangu, sikuwahi kukuuliza jina, ndiyo maana nakushukuru mbele ya watu.

MGB yangu ya 1972, gari la michezo la Kiingereza la kampuni ya MG, ilitoka gereji na bushi mpya za mbele, yaani mipira ya kwenye viungo vinavyoshika magurudumu, lakini pua imeinuka, na kila tuta inalia kama kitanda cha chuma. Wewe uliisikia ikipita tu, hapo Abingdon, mji wa Uingereza ilikoundwa. Ukalala kwenye changarawe mbichi, ukanionyesha mpira uliochanika: nati zilikazwa magurudumu yakining'inia, mpira ukabaki umejisokota. Jumamosi ukarudi na bushi nyingine, ukafunga, ukashusha jeki, ukalitikisa gari, ndipo ukakaza. Hela ulikataa, ukanywa chai.

Wenye MG, msikaze nati za bushi kabla gari halijakaa chini kwa uzito wake. Langu sasa linapita matuta kimya. Asante, mzee.